MWANAO KATUNDIKIWA DRIPU? ACHANA NA CHUPA, ANGALIA MKONO!

Hebu tuanze na swali la kijiweni. Mshikaji wenu akilazwa hospitali, habari ya kwanza kufika mtaani huwa ni ipi? Si jina la ugonjwa, hilo wengi hata hawaliulizi. Ni hesabu ya dripu. “Jamaa yuko hoi, katundikiwa mbili!” Zikifika tatu, watu wanaanza kuchangishana nauli ya kwenda kumwona. Wapo na wale wa mjini hapa ambao wakisikia uchovu wa kawaida tu, wa kazi na mikesha ya wikiendi, wanaingia dispensari ya mtaani kuomba “maji” wapate nguvu. Dripu Bongo ina heshima yake, bwana! Mgonjwa aliyepewa vidonge anajiona kadharauliwa.

Mimi heshima hiyo naomba tuihamishe. Chupa inayoning’inia juu haina ujanja wowote. Shughuli yote iko chini, pale mkononi, kwenye kamrija kembamba kalikoshikiliwa na vipande vya plasta. Kwa mtu mzima anayelala akatulia, plasta si habari ya kuandika gazetini. Lakini mtoto wa miaka miwili, mwenye homa, jasho na hasira za kuchomwa, hajui kutulia. Kwake yeye vile vipande viwili vitatu ndivyo vinavyoamua kama dawa itafika kwenye damu au itaishia kwenye nyama.

HAKUNA SINDANO HUMO NDANI

Kwanza tuondoe hofu moja. Kinamama wengi (na kinababa pia, ila wao hawakubali) wanaamini kuwa mtoto akiwekewa dripu anabaki na sindano ndani ya mkono. Ndiyo maana utamkuta mama kamshika mwanawe kama kashika yai, hamgeuzi, hamnyonyeshi vizuri, anaogopa chuma kisimchome kwa ndani.

Chuma hakipo. Sindano inaingia, ikishapata mshipa inachomolewa dakika ile ile, na kinachobaki ni mrija laini wa plastiki. Huo mrija ndio wanauita kanula. Si wa zamani sana. Mwaka 1950 ndipo daktari David Massa wa Kliniki ya Mayo kule Marekani alipoutangazia ulimwengu mrija wa plastiki unaopanda juu ya sindano na kubaki ndani sindano ikitoka. Kabla ya hapo mgonjwa alibaki na chuma kwenye mshipa, na mtoto akijikunja kidogo tu, ncha inatoboa upande wa pili. Wazee waliolazwa enzi zile wanakumbuka mkono uliofungwa kwenye ubao kama mshikaki.

Kanula zina rangi, na kila rangi ina unene wake. Rangi ni zile zile ukiwa Kibiti, Muhimbili au London. Ya njano ni nyembamba, ya vichanga na watoto wadogo. Ya bluu inaifuata, halafu pinki, halafu kijani, mpaka za kijivu na za rangi ya chungwa ambazo ni mabomba kweli, za watu wazima waliopoteza damu nyingi. Siku ukitumwa duka la dawa ukanunue kanula ya mtoto, usirudi na kijani ukidhani umepata kubwa kwa bei ile ile!

Sasa, ulaini huo ni neema na ni balaa. Mrija laini hautoboi hovyo, lakini unapinda, unakunjika, unatambaa kurudi nje taratibu bila mtu kujua. Mtoto ananyonya kidole, kanula iko mkono huo huo. Analala juu ya mkono. Mama anambeba mgongoni, khanga inapita juu ya mpira wa dripu na kuuvuta. Jasho la homa linalegeza gundi. Na mshipa wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani, umepatikana kwa mara ya tatu, baada ya watu wanne kumshika mtoto akipiga kelele wodi nzima ikakosa usingizi.

SAFARI YA KUTOKA MAHEGE

Nimelifuatilia jambo hili kwa sababu nina shangazi Mahege. Kwa ambao hamjafika, Mahege ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, nchi ile ya Rufiji ya mikorosho, minazi na mihogo. Kibiti mjini pako barabara kuu ya Kilwa, lami safi, ukipanda basi Mbagala hujachoka umefika. Kasheshe linaanza ukiiacha lami.

Kwenye karatasi, njia ya mgonjwa inaeleweka vizuri sana: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali, na ikishindikana rufaa ya Tumbi, Kibaha, au Muhimbili. Nje ya karatasi, masika yakiwa yamekolea, njia hiyo ni pikipiki: dereva mbele, mama nyuma, mtoto katikati kapakatwa, mkono wenye kanula umebanwa baina ya watu wawili. Kule vijiji vya delta ongeza na mtumbwi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, kuna mahali hata hiyo pikipiki ilikuwa anasa.

Kwa hiyo kanula iliyowekwa huko chini kabla ya rufaa inapigwa mtihani ambao kanula ya Oysterbay haiujui. Ikichomoka njiani hakuna wa kuirudisha mpaka mfike.

Tena nchi hiyo si ngeni kwa wataalamu wa afya. Rufiji, enzi hizo Kibiti ikiwa bado ndani yake, iliingizwa miaka ya 1990 kwenye mradi mkubwa wa kupanga upya fedha za afya za wilaya, na kuanzia 1998 watafiti wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuhesabu waliozaliwa na waliokufa. Vifo vya watoto wadogo vilishuka kwa kiasi ambacho kilizungumzwa mpaka ng’ambo. Ila malaria ni mwenyeji wa pwani, haipokei barua ya kuhama. Na malaria ya mtoto ikiwa kali huja na rafiki yake, upungufu wa damu. Hapo vidonge havisaidii, ni mshipa tu.

Miaka michache iliyopita mjukuu wa shangazi, hajafikisha miaka mitatu, alipatwa na hiyo kali. Viganja vyeupe kama karatasi, anapumua mbio mbio kama katoka kukimbia. Nikatoka Dar kwenda kumsaidia shangazi hospitalini. Hospitali yenyewe siitaji, maana nilichokiona pale hutokea kwingi, na wauguzi wa usiku ule walikuwa wawili tu kwa wodi iliyojaa, vitanda vingine watoto wawili wawili.

Mjomba wa mtoto akatoa damu. Mfuko ukatundikwa saa mbili usiku. Mkono wa mtoto ulikuwa umezungushiwa plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, juu yake bendeji, umependeza kama mkono wa bondia anayesubiri kupanda ulingoni. Kila aliyepita aliusifia. “Huo hautoki!” Na kweli haukutoka.

Saa tatu kasoro mtoto akaanza kulia, kilio kile cha kukwaruza kisicho na mapumziko. Akabembelezwa, akapewa maji kidogo, wapi! Shangazi, ambaye elimu yake ni ya kulea watoto saba, akavishika vidole vya mikono yote miwili, huku na huku.

“Mwanangu, mbona huu baridi na huu una moto?”

Nesi akaitwa. Ilimchukua muda kuzibandua zile plasta tabaka kwa tabaka, na alipofika chini, mkono umeumuka kama andazi. Kanula ilikuwa imeshatoka kwenye mshipa kitambo. Damu ya mjomba ilikuwa inaingia kwenye nyama, huku juu plasta imeshika vizuri kabisa, haijalegea hata kidogo!

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa mjini wengi hatulijui. Damu ikishatoka kwenye jokofu ikatundikwa, inatakiwa iwe imeisha ndani ya saa nne. Zikipita, vijidudu vinaweza kuwa vimeshaanza kuzaana kwenye joto lile, inatupwa, hata kama imebaki nusu na hata kama aliyeitoa ni ndugu yako wa tumbo moja. Mfuko umetundikwa saa mbili, mwisho wake saa sita. Na mtoto aliyeishiwa damu mishipa yake inajificha. Walijaribu mkono wa pili, mguu, mguu mwingine. Saa nne na ushei ndipo mganga wa zamu alipoupata kichwani, juu ya sikio.

Shangazi alilia pale wembe ulipopita kwenye nywele za mjukuu wake. Kichwani! Wengi wanaamini mtoto akiwekewa dripu ya kichwa ndiyo basi tena, anaaga, na dripu inaingia kwenye ubongo. Haiingii kwenye ubongo, inaingia kwenye mshipa ulio chini ya ngozi, nje ya fuvu. Imani ya kuaga imetoka wapi inaeleweka: kichwani hufikiwa mtoto akiwa hoi tayari, kwa hiyo watu wanakumbuka mahali na kusahau ugonjwa. Lakini kichwani hakuna kiungo cha kukunja na mtoto hawezi kupanyonya. Damu iliyobaki iliisha dakika chache kabla ya saa sita. Viganja vilianza kurudi rangi kulipokucha.

KUFUNGA NI KUACHA DIRISHA

Baada ya siku ile nimekuwa nikiwauliza wauguzi kila ninapowapata, wa serikali na wa binafsi, na wote wananirudisha kwenye neno moja: kuona. Kanula iliyofungwa vizuri ni ile ambayo unaweza kuona inapoingilia bila kubandua kitu. Iliyozikwa haina faida hata ingeshikwa kwa msumari.

Basi kazi inaanza kabla ya kuchoma. Plasta zinakatwa mapema, nyembamba nyembamba, ziwe tayari, maana ukishapata mshipa mkono mmoja unashikilia na wa pili unapigana na mtoto. Zinakatwa na kuwekwa mahali safi. Hapa ndugu zangu wauguzi mtanisamehe, ule mtindo wa kuzibandika ukingoni mwa kitanda, kwenye ukuta au kwenye mfuko wa gauni ukisubiri, mnaokota uchafu wa wodi nzima na kwenda kuubandika jirani na tundu la mshipa wa mtoto. Ngozi nayo ifutwe na iachwe ikauke kweli. Gundi haishiki kwenye jasho wala kwenye dawa mbichi, na wanaopuliza kwa mdomo ili ikauke haraka, tafadhali, tumekubaliana tunasafisha.

Mahali pa kuchoma pana maana yake. Ukimuuliza mama “ananyonya kidole kipi?” umeokoa kazi ya nusu siku, unachagua mkono wa pili. Mtoto anayetembea usimwekee mguuni kama mkono upo. Pakipatikana sehemu ya mkono iliyo mbali na kiungo, ndiyo bora, kwa sababu kiwiko na kifundo vikikunjwa mrija nao unakunjika.

Kanula imeingia. Ina mabawa mawili madogo pembeni, na hayo hayakuwekwa kwa urembo. Plasta ya kwanza inapita chini ya shingo ya kanula, upande wa gundi ukiwa juu, kisha ncha zake zinakunjwa kuvuka juu ya mabawa kama mtu anayekunja mikono kifuani. Nyingine inalazwa juu ya mabawa. Pale kwenye tundu panafunikwa na kile kibandiko cha kuona ndani kama kipo. Kama hakipo, kipande kidogo cha gozi safi kinachofunuka kirahisi. Halafu mpira wa dripu unapigwa kitanzi kidogo na kushikwa kwa plasta yake peke yake. Kitanzi hicho ndicho breki: mtoto akivuta, au khanga ikivuta, kinachotangulia kuumia ni kitanzi na si mshipa.

Kibao ni kwa ajili ya kiungo kisikunjwe. Huko kwetu kinatokana na boksi la dawa lililokatwa, likavalishwa pamba na gozi, wala si aibu, kinafanya kazi ile ile ya vile vya dukani. Mkono ulale juu yake kama umeshika chungwa. Wengine wanauvuta ukanyooka kama rula, siku ya tatu mtoto anafunguliwa hawezi kukunja vidole. Na plasta ya kushikia kibao isizunguke mkono mzima ikabana. Nyama ikivimba haina pa kwenda, damu inakatika. Vidole vyote vitano viachwe nje vionekane.

Kuna na hili la glavu. Sehemu nyingi ule mpira wa kufungia mkono ili mshipa utokeze haupo, inafungwa glavu. Glavu ni nyembamba, inajiviringisha, mtoto mnene ana mikunjo mkononi, kelele zimezidi, kanula imeingia, watu wanashangilia, bendeji inapigwa juu na glavu imebaki humo humo! Limeshatokea, na si Afrika peke yake. Mama, kabla bendeji haijazungushwa, uliza kwa upole tu: “Dada, kile cha kufungia umeshakitoa?” Hakuna nesi mwenye akili zake atakayekasirika.

MLINZI NI WEWE

Wauguzi wanafundishwa kuitazama kanula kila saa dripu inapotiririka. Wawili kwa watoto sitini, piga hesabu mwenyewe. Mwenye macho pale saa zote ni aliyekaa kitandani: mama, bibi, dada mkubwa aliyeletwa kusaidia. Tatizo huyu hajaambiwa chochote zaidi ya “asiivute”.

Aambiwe alichokifanya shangazi bila kufundishwa, kulinganisha mikono miwili. Umoja umenenepa kuliko mwenzake? Wa baridi, umepauka, ngozi inavutika na kung’aa? Dawa inaelekea kwenye nyama. Mwekundu, wa moto, kuna mstari unapanda juu? Mshipa umechokozwa au uchafu umeingia. Gozi limelowa wakati hakuna aliyemwaga maji? Kuna mahali panavuja. Mtoto aliyetulia analia kila dawa inaposukumwa? Usimwambie “nyamaza, ni ya kukuponya”. Mwambie nesi asimamishe kwanza aangalie. Dawa nyingine, kama ile glukosi nzito ya kuinua sukari, au kalsiamu, zikimwagika kwenye nyama zinaunguza mpaka ngozi inakufa na kuacha kidonda cha miezi.

Na mshipa ukikataa kabisa? Si lazima mtoto achomwe mara kumi na mbili kama ungo. Dawa ya malaria kali ya sasa, atesuneti, inaweza kuchomwa kwenye msuli wa paja na ikafanya kazi. Maji na uji vinaweza kupita kwenye mpira wa puani. Kwenye dharura ya kufa na kupona wataalamu wana njia ya kupitia kwenye mfupa wa mguu. Damu ndiyo haina njia ya paja wala ya pua, ndiyo maana mshipa wa mtoto mwenye upungufu wa damu ni mali ya kulindwa kama pochi ya mshahara Kariakoo.

PLASTA GANI BORA?

Vijana wa mjini najua mnapenda kujua kitu cha kisasa ni kipi. Vipo: vibandiko vya kuona ndani vyenye kingo za kitambaa, vibanio vya plastiki vya kushika kanula, mpaka gundi ya kitabibu ya kudondoshea kwenye tundu. Mwaka 2015 mtandao wa Cochrane, wenye kazi ya kukusanya utafiti na kuupima kama dhahabu kwa sonara, ulichapisha hesabu ya majaribio 6 yenye wagonjwa 1,539. Jibu lake? Ushahidi uliokuwepo haukutosha kusema aina moja inazishinda nyingine.

Mimi jibu hilo lilinifurahisha, kwa Mahege na kwa wodi zote ambazo plasta ya kawaida ndiyo iliyopo, tena wakati mwingine imenunuliwa na bibi mwenyewe duka la dawa ng’ambo ya barabara, ingawa matibabu ya walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali yanatakiwa yawe bure. Plasta ya bei rahisi kwenye mkono mkavu, imepigwa na mtu anayejua mabawa ni ya nini, si ya kudharauliwa. Kama kibandiko cha kuona ndani kipo, kipewe mtoto, kwa sababu ya lile dirisha.

ANKO MWENYE HARAKA

Kila wodi ina anko mmoja. Amekuja jioni na juisi, anaangalia dripu, anaona inadondoka taratibu, anasema “hii itaisha kesho!” Anakizungusha kile kigurudumu cha mpira. Maji yanakimbia. Anko ameridhika.

Anko huyo asomewe habari hii. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, watoto 3,141 waliofika na homa kali na dalili kuwa damu haizunguki vizuri. Baadhi walipewa maji mengi ya mshipani haraka haraka, kama vitabu vya dunia nzima vilivyokuwa vinashauri. Wengine wakapewa taratibu. Ndani ya saa 48 waliokufa kati ya waliomiminiwa haraka walikuwa kama 10.6 katika kila 100, na kati ya wale wa taratibu 7.3. Madaktari wenyewe walipigwa na butwaa. Mtoto wa kuhara aliyekaukiwa maji ana hesabu yake tofauti, lakini na yeye hesabu hiyo si ya anko. Kigurudumu kiachwe!

Na kuna habari njema inayopunguza hata huo muda wa kufungwa. Zamani malaria kali ilikuwa kwinini ya dripu, saa nne inadondoka, kila baada ya saa nane, mtoto kafungwa mchana kutwa. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo: kwa kwinini walikufa 10.9 katika 100, kwa atesuneti 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto. Hiyo husukumwa kwa bomba la sindano dakika chache tu: anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha akiweza kumeza anamalizia na dawa ya mseto. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na kanula mkononi bila chupa yoyote juu, na bado anatibiwa sawasawa. Kina shangazi wengi hawaamini. “Wamemtoa maji, wamemkatia tamaa?” Hapana, mama, anaendelea vizuri.

Ila kanula isiyo na kazi inakuwa mlango uliosahauliwa wazi. Kila asubuhi daktari akipita, uliza: “Hii bado ina kazi gani?” Akisema haina, itoke. Na wale wanaoruhusiwa kwenda nyumbani nayo ili warudi jioni kwa sindano, kwa mtu wa karibu na hospitali sawa, lakini kwa anayerudi Mahege na bodaboda, mbishie kwa adabu.

Kutoa nako kuna namna. Mkasi usikaribie, vidole vya mtoto vimejificha chini ya plasta na kanula nayo hukatika. Wa kichanga ndio zaidi, ngozi yake inabanduka na gundi. Yule wa kwetu, siku ya nne, alipata nesi wa mchana, dada mmoja mpole mwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Alilowesha plasta, akasubiri, akakunja ncha polepole huku kidole chake kimeshikilia ngozi. Mtoto alikuwa anatafuna biskuti. Kanula ilipotoka nesi aliigeuza kwenye mwanga kuhakikisha ncha ni nzima, akabonyeza pamba juu ya sikio kwa dakika kadhaa, akaitupa kwenye boksi la njano la vitu vyenye ncha.

“Bibi, hapo pasipovimba mpaka jioni, basi. Pakiwa pa moto umrudishe.”

“Nitamrudisha mwanangu. Na hizi nywele?”

“Zitaota, bibi.”

Shangazi akamfunga mjukuu mgongoni, akauliza basi la mwisho la Kibiti linapita saa ngapi.